Mkojo wa majeruhi upimwe: barua ya wazi kwa wasimamizi wa afya Kilimanjaro na Arusha

Kwa Waganga Wakuu wa Mikoa ya Kilimanjaro na Arusha, waganga wafawidhi wa hospitali zetu za rufaa, za wilaya na za mashirika ya dini, pamoja nanyi mlioko Wizara ya Afya na TAMISEMI.

YAH: FIGO ZA MAJERUHI

Waheshimiwa, salaam.

Mimi ni muuguzi katika wodi ya majeruhi hapa Moshi. Haya ninayoyaandika nimeshayasema kwenye vikao vya asubuhi na kwenye ripoti za zamu, na wenzangu wa Arusha wanayasema huko kwao. Leo nayasema hadharani kwa sababu wanaoumia ni wananchi, nao wana haki ya kujua tunawaombea nini.

Ninaomba jambo moja. Kila majeruhi mkubwa anayepokelewa katika mikoa hii miwili, awe ametoka kwenye ajali ya bodaboda, mgodini, chini ya ukuta ulioanguka au kwenye kipigo cha wananchi wenye hasira kali, mkojo wake upimwe kila saa na uandikwe, kuanzia hospitali ya kwanza inayompokea. Na anayeupima awe na ruhusa na vifaa vya kuchukua hatua anapoona umepungua. Mengine yote nitakayoyaeleza yanatokana na hilo.

Ajali zetu mnazijua. Barabara hii ya kutoka Himo kupita Moshi, Boma Ng'ombe, Kikatiti, Usa River hadi Arusha haitupi nafasi ya kupumua, na vijana wa bodaboda ndio wanaojaza vitanda vyetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na zaidi ya asilimia 90 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mnapokuja wodini baada ya ajali kubwa, mnauliza wangapi wamefariki na wangapi wamelazwa. Siku ya tano hakuna anayerudi kuuliza hao waliolazwa wanakojoa kiasi gani, na siku ya tano ndipo tunapowapoteza watu ambao kila mtu alishaamini wamepona.

Mgonjwa amefika na paja limevunjika, amepoteza damu. Mguu umefungwa na kuvutwa kwa uzito. Usiku wa kwanza umepita salama, ndugu wamepiga simu kijijini kusema Mungu amesaidia. Siku ya tatu hataki kula. Anatapika. Anashikwa na kwikwi isiyokatika, ndugu wanampa maji wakidhani ni kwikwi ya kawaida. Asubuhi uso umevimba. Jioni anaongea maneno yasiyoeleweka, anahema kwa nguvu kama aliyekimbia. Damu ikifika maabara, kreatinini, ile taka ya mwili ambayo figo hupaswa kuitoa, imeshapanda mara kadhaa ya kiwango cha kawaida, potasiamu iko juu, na moyo unaweza kusimama saa yoyote. Akifariki, inaandikwa ajali. Figo haitajwi, kwa hiyo hata kwenye takwimu mnazoletewa mezani haimo.

Figo hupokea takribani moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Mtu anapovuja damu nyingi, mwili hubana mishipa inayoelekea kwenye figo ili ubongo na moyo vipate kidogo kilichobaki. Ni busara ya mwili, lakini ni ya muda mfupi. Saa zikipita bila damu au maji kurudishwa, mirija midogo ya figo huanza kufa. Na hapa kuna jambo ambalo natamani kila mtumishi alijue: mirija hiyo ina uwezo wa kuota upya. Kijana ambaye hakuwa na ugonjwa wowote wa figo kabla ya ajali, akivushwa katika wiki chache za hatari, mara nyingi figo zake hurudi kufanya kazi. Kinachomuua ni zile siku za katikati, na siku hizo tungeweza kuzizuia zisifike au kumvusha.

Ipo njia ya pili, ya misuli. Msuli uliobanwa na kitu kizito kwa saa nyingi, au uliopigwa sana, huharibika na kumwaga kwenye damu potasiamu na protini iitwayo mayoglobini. Mayoglobini ikifika kwenye figo huziba na kuumiza ile mirija. Bywaters na Beall walilieleza jambo hili mwaka 1941 huko London, kwa watu waliofukuliwa kwenye vifusi vya nyumba zilizopigwa mabomu: walitolewa wakiwa hai, kisha mkojo ukawa mweusi, ukapungua, wakafa siku chache baadaye. Baada ya tetemeko la Armenia la mwaka 1988, mamia ya waliookolewa walihitaji kusafishwa damu kwa sababu hiyo hiyo. Sisi tunayo Mirerani, si mbali na uwanja wa ndege wa KIA, ambako vijana hushuka mamia ya mita ardhini kutafuta tanzanite. Desemba 2023 tope la Mlima Hanang lilifukia watu Katesh. Novemba 2024 jengo liliporomoka Kariakoo. Hatuwezi kusema ni mambo ya Ulaya au ya vitabuni.

Nitamweleza mmoja bila kumtambulisha. Ni kijana aliyepigwa kwa tuhuma za wizi. Hakuwa na jeraha hata moja la kushona. Mgongo, makalio na mapaja vilikuwa vimevimba, ngozi imekaza, michirizi ya fimbo imepishana. Alikuwa ameshapitishwa mahali fulani, akachomwa sindano ya diklofenaki ya kutuliza maumivu na kurudishwa mahabusu kwa kuwa hakuvunjika popote. Alifika kwetu siku iliyofuata, jioni. Nilipomwekea mpira wa mkojo kilitoka kiasi cha vijiko vichache, rangi ya Coca-Cola. Maabara ilikuwa haina vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vya kreatinini. Daktari wa zamu alikuwa chumba cha upasuaji na mgonjwa mwingine. Nikachovya kijiti cha mkojo, sehemu ya damu ikabadilika rangi papo hapo. Mtu wa maabara akaweka mkojo ule ule kwenye darubini, hakuona chembe nyekundu za damu. Kwa anayejua, jibu lilikuwa limeshapatikana: ule haukuwa mkojo wenye damu, ulikuwa msuli unaotoka kupitia figo. Kijiti kile kingechovywa alikopita mwanzo, angeanzishiwa maji siku moja mapema. Alifariki kabla ya gari la rufaa kupatikana. Mama yake aliniuliza amekufa na nini wakati hana hata kidonda. Nilimjibu ukweli, na tangu siku hiyo najua kwamba lazima na ninyi niwaeleze.

Sasa niseme kuhusu kipimo chenyewe, kwa sababu hapo ndipo tunapokwama na ndipo penye unafuu mkubwa kuliko mnavyofikiri. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2012 wa KDIGO, shirika linalotoa miongozo ya tiba ya figo, unasema mkojo ukiwa chini ya nusu mililita kwa kila kilo ya mwili kwa saa, kwa saa 6 mfululizo, figo zimeshaumia. Kwa mtu wa kilo 60 ni mililita 30 kwa saa. Mwongozo huo huo unahesabu pia kreatinini iliyopanda mara moja na nusu ndani ya siku 7, au kwa mikromoli 26.5 kwa lita ndani ya saa 48. Lakini kreatinini huchelewa kupanda, na karibu hakuna majeruhi wetu anayejua kreatinini yake ilikuwa ngapi kabla ya ajali. Mkojo unaonekana kwa macho usiku ule ule.

Na nani anayemwaga mkojo wodini? Ndugu wa mgonjwa. Mfuko ukijaa, shangazi au mdogo wake anaubeba hadi chooni, anaumwaga, anarudi. Muuguzi wa usiku, aliye peke yake au na mwenzake mmoja kwa wodi nzima, akipita anauliza kama mgonjwa anakojoa. Anajibiwa ndiyo. Anaandika "anakojoa vizuri". Hiyo "vizuri" nimeiona kwenye mafaili ya watu waliokufa kwa figo. Mifuko yenyewe alama zake ziko mbali mbali, huwezi kusoma mililita 30 humo hata ukitaka. Tunahitaji majagi madogo yenye alama, au basi chupa za maji zilizokatwa na kuwekewa alama kwa kalamu isiyofutika, ambazo baadhi yetu tumeshazitengeneza wenyewe. Tunahitaji karatasi ya maji yanayoingia na yanayotoka ichapishwe kwa Kiswahili ili ndugu naye aweze kuandika: saa ngapi, kiasi gani, rangi gani. Muuguzi ahakiki kila baada ya saa chache. Nimewaona ndugu wakifanya kazi hiyo kwa uaminifu mkubwa, hata wasiosoma sana, mara tu wanapoelezwa kwamba figo za mtu wao zinategemea namba ile. Anayebaki kando ya kitanda usiku kucha ni wao, na hatujawapa kazi yenye maana.

Kupima bila kufanya kitu ni bure, kwa hiyo ruhusa iandikwe. Muuguzi akiona mkojo umeshuka chini ya kiwango kwa saa mbili, aangalie kwanza kama mpira umeziba, aangalie shinikizo la damu na mapigo, aanze au aongeze maji ya chumvi kwa kiwango kilichokubaliwa, na amwite daktari. Kwa mtu aliyefukiwa au kubanwa, dripu ianze kabla kitu kizito hakijaondolewa juu yake ikiwezekana, na kwa mtu mzima miongozo huanza na takribani lita moja kwa saa, kisha kiwango hurekebishwa kadiri hali yake inavyoendelea. Yasiwe maji yenye potasiamu, kama Ringa, kwa sababu potasiamu yake mwenyewe tayari inapanda. Anayevuja damu apewe damu. Kituo cha Damu Salama cha Kanda ya Kaskazini kipo hapa hapa Moshi, na akiba yake inawategemea pia ninyi mnaoweza kuhamasisha wananchi wachangie kabla ya ajali kutokea. Nasisitiza pia upande wa pili, maana nimeona ukisahauliwa: mgonjwa ambaye figo zimeshagoma, ukiendelea kummiminia dripu, maji yanahamia kwenye mapafu na anazama kitandani. Hata hilo linajulikana mapema kwa karatasi ile ile.

Kisha diklofenaki. Naisema kwa herufi kubwa moyoni: sindano hii imekuwa salamu ya kwanza kwa kila aliyeumia, zahanati, kituo cha afya, duka la dawa muhimu, hadi hospitali. Inatuliza maumivu kweli. Lakini kwa mtu aliyepungukiwa damu, figo zinaishi kwa kemikali fulani za mwili zinazoacha mishipa yake wazi, na diklofenaki, kama ibuprofeni, inazizuia kemikali hizo. Ongeza jentamaisini, dawa ya kuua bakteria, kwa ajili ya kidonda kilichoingia udongo, nayo ni sumu kwa figo isipopangwa vizuri, na umempa mgonjwa dawa mbili zinazogonga mahali pamoja. Waganga Wakuu wa Mikoa mnaweza kutoa waraka: majeruhi mkubwa asipewe diklofenaki mpaka mkojo uonekane kutoka vizuri na kreatinini ijulikane. Ila waraka huo usije peke yake. Mtu aliyevunjika paja hawezi kuambiwa avumilie. Hakikisheni paracetamoli ya sindano, tramadoli na mofini vipo stoo, na watumishi wamefundishwa kuvitumia bila woga. Maduka ya dawa muhimu nayo yakumbushwe.

Na wale wanaounga mifupa vijijini, ambao wengi wetu tumekua tukiwaheshimu, tuzungumze nao kuhusu kufunga kiungo kwa kukaza mno. Mguu uliofungwa hadi vidole vikapoa na kufa ganzi ni msuli unaokufa.

Kuhusu fedha nitasema wazi. Mgonjwa wa ajali hakupanga safari ya hospitali. Simu imeibwa barabarani, pochi haipo, ndugu bado hawajafika. Kreatinini inasubiri risiti ya dirisha la malipo, na afisa ustawi wa jamii anayeweza kuidhinisha msamaha anaondoka jioni. Wakati mwingine ndugu wa kwanza kufika anatumwa kituo cha polisi kufuata PF3, fomu ya polisi ya matibabu, badala ya kukaa na mgonjwa. Naomba vipimo vitatu, yaani kijiti cha mkojo, kreatinini na potasiamu, viingizwe kwenye huduma za dharura ambazo mgonjwa anapewa kwanza na malipo yanafuata, mchana na usiku, siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Siku tatu kwa sababu wapo ambao figo zinaumia huku mkojo unaendelea kutoka. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ipo. Mnapopanga kitita chake, majeruhi asiye na kitu awemo, na figo zake ziwemo.

Serikali imeshaonyesha kwamba inaweza. Fedha za mkopo wa UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3 za mwaka 2021, zilijenga majengo ya wagonjwa wa dharura ambayo leo tunayatumia, na tunashukuru kwa dhati. Mfumo wa m-mama, namba 115, unamtoa mjamzito kijijini hadi hospitalini kwa gari lililoratibiwa, hata la dereva wa kawaida wa mtaani. Majeruhi wa Tarakea au Longido naye anahitaji mfumo wa namna hiyo. Na barua ya rufaa anayopewa iwe na mistari mitatu ya lazima: ameumia saa ngapi, amepewa maji na damu kiasi gani, amekojoa kiasi gani. Tunapokea barua zinazosema tu "ajali, kuvunjika, kwa matibabu zaidi". Daktari wa hospitali ya rufaa, KCMC au Mount Meru, anaanza upya, na saa sita zilizopita zimepotea.

Wapo watakaohitaji kusafishwa damu hata tukifanya yote haya. Kwa mashine, mzunguko mmoja wa saa nne hutumia takribani lita 120 za maji yaliyosafishwa maalumu, unahitaji umeme wa uhakika, na gharama yake inazishinda familia nyingi. Lakini iko njia ya kusafisha kupitia tumbo: mrija unaingizwa tumboni, maji maalumu yanaingizwa, yanakaa, yanatolewa yakiwa na taka za mwili. Haihitaji umeme wala mtambo wa maji. Madaktari wa KCMC walichapisha mwaka 2012 matokeo ya huduma hiyo hapa Kaskazini, kwa hiyo ujuzi uko nyumbani. Haimfai kila majeruhi. Aliyeumia tumbo au aliyetoka kupasuliwa tumbo hawezi, na potasiamu iliyopanda kwa kasi inataka mashine. Kwa waliobaki ni daraja. Naomba hospitali za rufaa za mikoa, Mawenzi na Mount Meru, na angalau hospitali moja ya wilaya za pembezoni, zipelekewe mirija na maji hayo, na watumishi wao wafundishwe na wenzao wa KCMC. Nchi iliyoanza kupandikiza figo Muhimbili mwaka 2017 na Dodoma mwaka 2018 haiwezi kushindwa na mrija wa tumbo.

Jambo la mwisho dogo, lakini linasahaulika. Majeruhi aliyepona figo arudi kliniki kupimwa kreatinini na shinikizo la damu baada ya miezi 3. Tunampangia tarehe ya mifupa tu. Aandikiwe kwenye kadi yake kwamba figo ziliumia, ili asije akanunua diklofenaki dukani kila mguu unapouma wakati wa baridi.

Waheshimiwa, siombi jengo jipya. Waraka wa diklofenaki na wa kupima mkojo unaweza kutoka ofisi zenu kabla robo hii ya mwaka haijaisha. Majagi na vijiti vinaweza kuingia kwenye oda inayofuata ya Bohari ya Dawa. Vifo vya majeruhi baada ya saa 48 vijadiliwe kila mwezi kama tunavyojadili vifo vya kina mama, figo ikiwa ni swali la lazima. Na mtakapofanya ziara wodini, chagueni majeruhi yeyote aliyelazwa jana yake, ombeni karatasi yake ya mkojo. Isipokuwepo, tuulizeni hapo hapo mbele ya mganga mfawidhi, nasi tuwajibu tumekosa nini.

Wenu katika utumishi,

Muuguzi, wodi ya majeruhi
Moshi